Niliiba Tarehe ya Cucu ya Kupimwa Macho

Nimekosa, na sitaki mtu anitafutie sababu. Wengine huandika wakikiri kwamba waliiba mume wa mtu. Mimi niliiba tarehe ya kliniki. Mkicheka nitaelewa, maana hata mimi mwanzoni nilicheka.

Ninaishi Ruiru na ninashona nguo kiwandani. Umri ninao wa kutosha kujua mema na mabaya. Jina langu sitalitaja, kwa sababu nikilitaja nitakuwa nimemtaja na mtu mwingine, na huko ndiko kosa langu lilikoanzia.

Mimi ni binti wa pili. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, na wa pili jina la mama ya mama. Mama yangu hakutaka mambo nusu nusu. Alinipa jina la Kikuyu la mama yake, na siku ya ubatizo akampa pasta lile la kizungu pia. Kwa hiyo majina yangu mawili ya kwanza ni ya Cucu, yaani nyanya yangu huyo, herufi kwa herufi. Mama mwenyewe huniita "maitu", yaani mama yangu, na nilikua nikitumwa dukani na kuchapwa na mtu anayeniita mama.

Cucu anaishi Murera. Ana shamba dogo la maharagwe, migomba kando ya nyumba, na ng'ombe mmoja ambaye anaongeleshwa kuliko sisi wajukuu wote. Ana pia presha ya macho. Ugonjwa huu hauumi. Unakula macho kutoka pembeni, polepole, na mwenye macho hajui mpaka umekaribia katikati. Dawa yake ni matone ya kila jioni, halafu kurudi kwa daktari kupimwa kila baada ya miezi kadhaa, hata kama unajisikia vizuri.

Shida ni huko kurudi. Kliniki yenyewe iko katika hospitali moja mjini Thika. Daktari wa macho ni mmoja na macho ni mengi. Ukipimwa leo, unapewa tarehe ya mbali hata karani anaona haya kukutajia. Cucu alikuwa amezoea kuhesabu mwaka hivyo: kwanza maharagwe yavunwe, kisha ng'ombe azae, ndipo kliniki. Siku yenyewe ikifika mnatoka nyumbani kukiwa na umande. Laini ya pale ni ya kukaa. Mtu wa mbele akiinuka, benchi zima linasogea nafasi moja, na unakalia joto la mwenzako mpaka saa ya chakula cha mchana. Watu huja na thamosi za chai. Kuna mama mmoja alianza kufuma sweta ya mtoto kwenye hilo benchi, na tulipokutana tena tarehe iliyofuata, sweta ilikuwa imekwisha na mtoto ameshakua, haimwingii.

Na ukikosa tarehe yako, unaanza upya nyuma ya kila mtu. Hilo nililijua vizuri, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka Cucu. Hata namba ya simu iliyoandikwa hospitalini ni yangu. Simu ya Cucu hukaa kabatini isiibiwe, imezimwa isimalize chaji, na huwashwa Jumapili baada ya kanisa. Kwa hiyo meseji za kliniki zilikuwa zinaingia kwangu.

Sasa nisikilizeni. Kiwandani ilitokea nafasi ya supavaisa wa kukagua mishono. Ilikuwa nafasi ya kukaa kwenye kiti chenye mgongo. Meneja akasema anayeitaka alete barua ya daktari kwamba macho yake yako sawa, kabla mwezi haujaisha. Mimi nilikuwa na wasiwasi, kwa sababu kichwa kilikuwa kinaniuma jioni na sindano nilikuwa naiona mbili. Nikaenda Thika kuomba nafasi ya kupimwa. Karani akaniandikia tarehe ya baada ya mvua ya masika, na wakati huo hatukuwa hata tumemaliza Krismasi. Nikamwambia kazi haitangoja mpaka hapo. Akasema hata macho hayangoji, lakini tarehe ni hiyo.

Kuna madaktari wa kulipia, najua. Chama chetu kingenikopesha. Sikutaka kukopa, na hakuna maelezo mengine.

Basi wiki hiyo hiyo ikaingia meseji. Ilisema mgonjwa anakumbushwa kufika kliniki ya macho Alhamisi, na ilimtaja mgonjwa kwa majina mawili. Nililisoma jina langu. Nikalisoma tena. Najua mnataka kusikia kwamba nilipambana na dhamiri. Nilikuwa nakula mandazi, na nilipomaliza nilikuwa nimeshaamua.

Nilijiambia Cucu haumwi. Anaenda tu kupimwa kawaida, kama gari linavyopelekwa kukaguliwa. Wampime mwezi huu au mwezi ujao, kuna tofauti gani? Jumapili simu ya Cucu ilipowashwa nikampigia nikamwambia kliniki imeahirishwa, daktari amekwenda mkutano, tutaletewa tarehe nyingine. Cucu hakushangaa hata kidogo. Alisema, "Haya, tungoje," kisha akaniuliza kama huku Ruiru kumenyesha.

Alhamisi nikaomba ruhusa kazini, nikaenda. Karani aliuliza kadi. Nikasema nimeisahau nyumbani. Akaangalia meseji kwenye simu yangu, akaangalia kitambulisho, majina mawili ya kwanza yakamtosha. La tatu hakulisoma, maana laini ilikuwa imefika mlangoni. Akanifungulia kadi mpya na kusema faili la zamani wataliunganisha baadaye. Nikakaa kwenye benchi. Mzee aliyekuwa kando yangu akaniuliza kama ninamshikia mzazi nafasi, kwa vile nilikuwa kijana kuliko wote. Nikamwambia nafasi ni yangu.

Daktari alikuwa kijana mpole. Aliniweka kidevu kwenye mashine, akaniangalia jicho moja, akaniangalia jingine. Akasema macho yangu ni mazuri sana, na akauliza huwa ninalala saa ngapi. Nilichohitaji, alisema, ni usingizi. Akaniandikia barua ya kazini, akabonyeza kompyuta yake, akasema nirudi baada ya mwaka mmoja.

Yaani niliiba nafasi ya mgonjwa nikaenda kuambiwa mimi si mgonjwa. Nilitoka hapo nikanunua chipsi, na zilikuwa tamu.

Kazi niliipata. Nikakaa kwenye kile kiti. Nikawa naisubiri meseji ya kumpa Cucu tarehe mpya, kana kwamba hospitali ingeiota yenyewe. Ilipokuja, nilikuwa nimesimama katikati ya mashine. Ilitaja yale majina mawili, ikashukuru kwa kufika, na ikasema miadi inayofuata ni mwaka ujao.

Nilielewa pale pale. Kwenye kompyuta ya hospitali, Cucu wangu alikuwa amekuja, amepimwa, na macho yake ni mazuri sana.

Kuanzia hapo sina pa kujificha. Kabla ya siku hiyo ningeweza kusema sikujua. Siku hiyo nilijua. Kilichotakiwa ni kurudi Thika, nisimame dirishani, niseme nilikalia nafasi isiyo yangu. Niliogopa barua yangu ya kazi itafutwa. Niliona aibu. Nikasema nitaenda wiki ijayo, na wiki ijayo huku Ruiru haijawahi kufika.

Linalonikera zaidi ni kwamba uongo wangu haukuhitaji kutunzwa. Kama watu wangekuwa wanaonwa kwa wakati, Cucu angenishuku mapema. Lakini pande hizi hakuna mtu anayeshangaa kuambiwa angoje. Kila Jumapili aliuliza kama hawajaleta meseji, nami nikasema bado. Majirani wakamfariji kwa tarehe zao wenyewe. Mmoja alikuwa anangoja ya meno, mwingine ya goti, na wote wakakubaliana kwamba ya macho ndiyo hukawia zaidi. Ile laini ndefu ilinifichia kosa langu, na mimi nilikuwa nailaani pamoja nao.

Masika ikapita. Hata ile tarehe yangu halali ikapita, na sikwenda, maana macho yangu yalikuwa mazuri. Cucu akaendelea kuweka matone yale yale ya zamani, aliyouziwa kwenye duka la dawa bila kuulizwa swali. Nilipomtembelea aliimimina chai kando ya kikombe. Akasema ni moshi. Kanisani akampita mwenyekiti wa akina mama bila salamu, na mwenyekiti akakasirika. Akajikwaa kwenye ndoo aliyoiweka mwenyewe. Kila jambo lilikuwa na sababu yake, na nilizikubali zote haraka haraka.

Halafu mama yangu akachoka kungoja. Mama anaishi mtaa wa Landless huko Thika, ana kibanda cha mboga Makongeni, na si mtu wa kubembeleza. Alimchukua Cucu asubuhi moja akampeleka hospitali bila tarehe, bila kuniambia. Haya niliyasikia kutoka kwake jioni hiyo kwenye simu, na nilisikiliza nikiwa nimekaa chini.

Karani alitafuta jina kwenye kompyuta akasema Cucu alishaonwa, tena majibu yalikuwa mazuri, arudi tarehe yake ya mwisho wa mwaka. Cucu akasema hajakanyaga pale tangu mavuno yale mengine. Karani akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba alikuja, na hata siku hiyo alikuwa amesahau kadi wakamfungulia nyingine. Cucu akasema yeye hajawahi kusahau kadi. Karani akamwangalia mama yangu jinsi watu wanavyoangaliana juu ya kichwa cha mtoto.

"Cucu yako ameanza kusahau," mama akaniambia. Sauti yake ilikuwa ndogo. Mama yangu hana sauti ndogo.

Jumapili hiyo tukakutana nyumbani kwa mama huko Landless. Tulikuwa mama, mjomba wangu ambaye ndiye mtoto wa kiume wa pekee wa Cucu, Cucu mwenyewe, na mimi. Cucu alikuwa amevaa nguo za kanisa na kushika mkoba wake mapajani kama mtu aliyeitwa kwa chifu. Mjomba akamuuliza leo ni siku gani. Akajibu. Akamuuliza majina ya wajukuu. Akayataja yote, pamoja na la yule ambaye mjomba hupenda tusimtaje. Mjomba akasema ugonjwa huo huanza hivyo, unakuja na kwenda, na hakuna haja ya kubishana na kompyuta.

Ndipo Cucu akageuka upande wangu. Aligeuza kichwa chote, kwa sababu ya pembeni alikuwa haoni tena.

"Wewe ndiye hunipeleka," akasema. "Sema ukweli mbele ya hawa. Mimi nilienda?"

Jamani, hapo ndipo mlango ulikuwa wazi kabisa. Kulikuwa na maneno mawili tu ya kusema. Mama alikuwa ananiangalia, mjomba ananiangalia, na mimi nilikuwa nimevaa sare ya supavaisa kwa sababu nilipitia kazini.

"Labda ulienda, Cucu," nikasema. "Labda ulienda na watu wa kanisa."

Aliinamisha uso juu ya mkoba wake. Kisha akasema, "Haya. Kama ni wewe unasema."

Nimewahi kusema uongo mwingi maishani, wa kodi, wa wanaume, wa kuchelewa kazini. Huo ndio peke yake ulioaminiwa kwa sababu ni mimi niliyeusema.

Wakaamua asikae tena peke yake Murera. Ng'ombe akapelekwa kwa mjomba. Cucu akahamia chumba cha mama huko Landless, akapewa kitanda cha karibu na dirisha. Mama akamficha kiberiti. Wapangaji wa ploti wakaambiwa wakimwona anatoka getini wamrudishe kwa heshima. Mtu aliyelima na kusomesha watoto kwa maziwa ya ng'ombe mmoja baada ya mwingine, sasa alikuwa anarudishwa kutoka getini na msichana wa kufua nguo.

Nilikwenda kumwona siku moja mama akiwa sokoni. Nilitaka kwenda na kurudi haraka. Nikamchemshia chai, akainywa yote, tukaongea kuhusu mvua. Nikachukua kikombe nikakiosha kwenye karai hapo hapo chumbani. Nilipogeuka nikamkuta ameinua uso ananingoja.

"Nimekunywa chai," akauliza, "ama bado?"

Nikamwambia amekunywa.

"Nilidhani hivyo. Nilitaka tu kusikia kwako."

Hakuwa amesahau. Utamu wa chai bado ulikuwa mdomoni mwake. Alikuwa ameacha tu kujiamini, akawa anaomba ruhusa ya kukumbuka. Nililia hata kabla sijafungua mdomo. Kisha nikafungua mdomo, nikamwambia yote: meseji, mandazi, karani, daktari, barua, kiti chenye mgongo, kila kitu.

Hakunikatiza. Nilipomaliza, akaanza kuuliza polepole, kama mtu anayehesabu mifugo jioni.

"Aliyesahau kadi ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na daktari hakuenda mkutano?"

"Alikuwa hapo. Alinipima."

"Kwa hivyo akili yangu iko."

"Iko yote, Cucu."

Akashika kichwa chake kwa mikono miwili, juu ya kitambaa, akakaa hivyo. Alilia kidogo, halafu akacheka kidogo. Kuhusu macho hakuuliza hata neno moja. Nilikuwa nimemwibia macho, naye alikuwa anashukuru kwamba akili sikuiba. Sijawahi kujichukia kama wakati huo.

Akajifuta. Akasema nimletee viatu vyake vya kutokea, twende kwa hao watu wa kompyuta.

Tulifika dirishani tukiwa wawili. Karani akasema sistimu inaonyesha huyu mama alishaonwa. Nikasema aliyeonwa ni mimi. Akasema sistimu haina mahali pa kuandika hivyo. Tukampa vitambulisho vyote viwili. Akaviweka kando kwa kando, na kwa mara ya kwanza akasoma jina la tatu. Akamwita sista msimamizi. Sista akaangalia vitambulisho, akaniangalia mimi, akamwangalia Cucu, akauliza kati yetu mgonjwa ni nani.

"Mgonjwa ni mimi," Cucu akasema. "Huyu ni mzima. Mlimpima."

Benchi zima likacheka. Sista hakucheka. Alimwandika Cucu awe wa mwisho siku hiyo, akaniambia mimi maneno ambayo nilistahili na ambayo sitayarudia. Tukakaa, tukasogea pamoja na wenzetu nafasi baada ya nafasi, na watu walionisikia wakawa wanaacha pengo kidogo kati yangu na wao.

Daktari alikuwa yule yule. Alinikumbuka, akauliza kama usingizi nilipata. Kisha akampima Cucu, na hakuniuliza kitu kingine. Jicho la kulia halioni tena na halitarudi. La kushoto limebaki na duara la katikati, na lilihitaji kupasuliwa upesi ili hicho kilichobaki kisiende pia. Nilimuuliza, kama angemwona ile Alhamisi, ingekuwaje. Akasema hilo hawezi kulijua. Alisema hivyo akiwa anapanga vifaa vyake ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Upasuaji ulifanyika. Jicho la kushoto limeshika pale pale lilipokuwa, na tunashukuru. Cucu alirudi Murera kwa amri yake mwenyewe. Ng'ombe alirudishwa, ingawa sasa anakamuliwa na mama jirani, maana aligoma kukamuliwa na mjomba. Mama alikaa muda mrefu bila kuongea na mimi. Alipoanza tena, aliniita kwa jina langu la kizungu, kama wanavyoniita benki. Ile maitu hajanirudishia, na sijathubutu kuiomba.

Cheo cha supavaisa bado ninacho. Ningependa kuandika hapa kwamba nilikirudisha, ingependeza, lakini sikukirudisha.

Cucu hakunilaani. Siku ya kutoka hospitali aliniuliza tu yule daktari alisema nini hasa kuhusu macho yangu. Nikamwambia alisema ni mazuri sana. Akasema, "Basi yatumie." Tangu hapo kila Jumamosi natoka Ruiru nakwenda Murera. Nachagua mawe kwenye maharagwe. Namsomea Biblia ya Kikuyu, na nikikosea neno ananirekebisha bila kuangalia, kwa sababu anaijua kwa moyo. Namtia matone yake jioni kabla sijaondoka. Meseji za kliniki sasa huenda kwa mama jirani. Siku ya kliniki nampeleka mpaka mlangoni, na jina likiitwa naangalia sakafu.

Wewe unayengoja tarehe yako, nakuhurumia, najua benchi hilo. Lakini kama tarehe si yako, iache. Usiseme ni kupimwa kawaida tu, mtu haumwi. Anayepimwa kawaida ndiye ambaye bado ana kitu cha kuokolewa. Usitume mtu, usibadilishane, usijibu jina la mwenzako hata kama mlipewa jina moja. Na mzee wenu akiwaambia hakwenda mahali, mwaminini yeye kwanza, kompyuta baadaye.

Na kama umeshakosa, sema mapema. Mimi nilichelewa kusema kuliko daktari yeyote alivyowahi kuchelewa kuona mtu, na yaliyoharibika hayakuwa macho peke yake. Jumamosi iliyopita tulikuwa nje na maharagwe, Cucu akawa ananisimulia jinsi babu alivyomleta Murera mara ya kwanza, hakuna nyumba, ni vichaka tu, na yeye amebeba sufuria kichwani. Alikuwa anasimulia vizuri, kwa uhakika, anacheka. Katikati akanyamaza.

"Ama nachanganya?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana, Cucu, ni kweli, ndivyo ilivyokuwa. Aliinua uso upande wangu, akifikiria kama anaweza kuniamini, kisha akaendelea na hadithi yake kwa sauti ndogo kuliko mwanzo.